Ya Juu na ya Chini

Msimu huu nyumba yetu ina namba mbili.
Yako hutoka redioni, siku ya mnada,
kilo ya korosho ghafi, elfu tatu na ushei,
nawe unapiga paja: ipande, ipande tena.
Yangu hutoka kwenye kitambaa cheusi
kinachonibana mkono kama mtu anayenidai,
nami nasema moyoni: shuka, mama, shuka.

Jumanne ya kwanza, mia na hamsini kwa mia moja.
Nesi Fridolina hakukunja uso.
Alifungua mkanda, akasubiri, akapima tena,
akapima na mkono wa kushoto
kana kwamba wa kulia una tabia ya uongo.
Kisha akachovya kijikaratasi kwenye mkojo wangu,
tukakitazama wote wawili kikibadilika rangi
polepole, kama bibo linapoiva upande mmoja.

"Somoe, kichwa kinauma?"
Hapana.
Miguu? Nikaificha chini ya benchi.
Mama yako alikuwa ameisifu miguu ile:
imejaa, alisema, huyo ni dume, anakunywa maji.
Sikumwambia kwamba nilivaa ndala zako,
zangu hazinitoshi tangu mwezi wa tisa.

Kidonge asubuhi, kidonge mchana, kidonge usiku.
Nimevifunga kwenye pindo la kanga,
pale nilipozoea kufunga pesa ya chumvi.
Chumvi yenyewe imehama jikoni.
Ng'onda aliyetoka Mikindani nilimpa jirani,
akashukuru huku akinitazama kama niliyepagawa.
Nakula ming'oko ya kuchemsha, mitupu,
na ulimi unakumbuka bahari
niliyoiona mara moja tu.

Dada Asina hakupimwa.
Alisema taa zinawaka machoni, mchana kweupe,
wakamfukizia ubani.
Alipoanza kurusha mikono wakamwita jini kwa jina,
wakamuuliza anataka nini.
Jini hakujibu. Hakuwepo.
Ilikuwa damu, ikisukuma, ikisukuma,
na kilomita kumi na nane za mchanga hadi zahanati.
Kifafa cha mimba: jina hilo tulilisikia msibani,
kwa mgeni mmoja, kwa sauti ya chini,
wali ukiwa umeshapakuliwa.

Kwa hiyo usiku ule zilipokuja kwangu,
vumbi la njano, kama salfa unapopulizia mikorosho,
lakini ndani ya macho, na koroboi imezimwa,
nilikuamsha kwa kiwiko.
Toyo ya Mnalowa ilikuwa uani, imeshapakiwa,
magunia yetu yote, kesho yake zamu yetu ghalani.
Uliyatazama magunia. Nilikuona.
Mara moja tu.
Kisha ukaanza kuyashusha, unayatupa kwenye umande,
pekupeku,
maana ndala zako nilikuwa nazo mimi.

Newala, saa tisa usiku. Mia na sabini kwa mia na kumi na mbili.
Sindano ya magnesiamu inaunguza
kama pilipili iliyopotea njia ikaingia pajani.
Wakasema wiki thelathini na sita zinatosha,
mtoto huyu hangoji tena.
Wakanipasua alfajiri.
Wa kike. Kilo mbili na robo.
Hata ghalani wangemwandika daraja la kwanza.

Wengi hudhani kondo likitoka, presha nayo imetoka.
Fridolina wa huku, maana kila wodi ina Fridolina wake,
amenikataza kuwaza hivyo.
Bado vidonge. Bado kitambaa, asubuhi na jioni,
na nikiona taa tena, hata nikiwa nyumbani,
nisimwite mtu wa ubani.

Umekaa ukingoni mwa kitanda, una mchanga vidoleni.
Mnada umepita. Hujanitajia bei, sijauliza.
Kitambaa kinajaa upepo, kinanishika, kinaniachia.
"Ngapi?" unauliza,
wewe, ambaye hujawahi kuiuliza hii.

Mia na arobaini kwa tisini.

Unapiga paja, taratibu, mtoto asiamke.
Ishuke, unasema.
Ishuke tena.